Karani Aliyefichwa Msiba

Kompyuta ya marehemu Mzee Mndolwa ilizima tena wakati Fundi Nyamizi ameshafunga skrubu ya mwisho, ameshafuta vumbi, na ameshajisifu. Hilo la kujisifu ndilo lililomuuma. Alikuwa na kikombe cha chai mkononi na bisibisi nyuma ya sikio kama penseli ya seremala, anamweleza Bi Kibibi kwamba mashine ikishapita mikononi mwake haimsumbui mtu tena. Papo hapo feni ikashusha pumzi, kioo kikawa cheusi, na taa ya kijani ikafumba. Kimya. Halafu ikajiwasha yenyewe, kama mtu aliyesinzia kwenye hotuba akashtuka na kuanza kupiga makofi.

"Haimsumbui mtu," Bi Kibibi akasema, macho yake yakiwa darini.

Nyamizi akaiweka chai chini. Asubuhi hiyo alikuwa ameshaiona ikifanya vile mara nyingi mno, na kila mara mguu wake wa kulia ulianza kutingishika wenyewe chini ya meza. Ulikuwa mguu usiojua kuficha siri za mwenyewe.

Mashine aliijua vizuri. Ililetwa dukani kwake baada ya radi. Mvua za Handeni siku hizi zilikuwa za zamu: kila wilaya ina siku yake, wingu linasukumwa kutoka milimani, na hata mtoto alijua saa ya kuanua nguo. Radi ndiyo haikupangiwa zamu. Ilishuka na waya wa Mzee Mndolwa, ikaunguza pawa saplai, ikala na memori moja, ikaacha harufu ya nywele zilizoshika moto. Nyamizi alibadilisha vyote viwili, akaweka na feni mpya, kisha akaiacha iwake dukani tangu kufungua hadi kufunga. Haikukohoa. Lakini pale aliwasha mwili tu. Karani mwenyewe, yule anayeongea, hakumwamsha, maana karani wa mtu haamshwi nje ya nyumba yake. Ni sheria, na hata isingekuwa sheria ingekuwa utovu wa adabu, kama kumwogesha mgeni sebuleni.

Na ilikuwa bado mezani kwake, imefunguliwa kifua, Mzee Mndolwa alipofariki.

Sasa mashine imerudi nyumbani, na nyumbani ndiko haikai.

"Asalaam aleikum, Semeni," karani akasema kutoka kwenye spika, sauti imetulia kama ya mtu anayevua viatu mlangoni. "Nimerudi. Sioni kitu, kuna nguo mbele ya jicho langu. Mzee amekunywa dawa?"

Bi Semeni, mjane, alikuwa ameketi kwenye jamvi na nguo zake nyeupe za eda. Kabla hajajibu, wifi yake, Bi Kibibi, akamwahi.

"Amekunywa, Jumbe. Amelala."

Kimya kikapita, si kirefu. Kisha feni ikashusha pumzi, taa ikafumba.

Nyamizi akatazama ile kanga iliyotundikwa juu ya jicho la mashine. Akatazama wageni wachache wa msiba waliokuwa wakinong'ona barazani, kila mmoja kidole mdomoni, kama wezi waliokaribishwa chai. Akamtazama Bi Kibibi.

"Hamjamwambia," akasema.

*

Bi Kibibi alimvuta mkono hadi barazani kabla hajajibu. Alikuwa dada mkubwa wa marehemu, na tangu msiba uingie yeye ndiye aliyeshika funguo zote za nyumba pamoja na midomo ya watu. Akamuuliza Nyamizi kama kwao Unyamwezini ndivyo wanavyofanya, mtu katoka safari, hajaketi, hajanywa hata maji, wanamrukia na habari ya kifo mlangoni. Kwa Wazigua mtu anafichwa kwanza. Anaambiwa mgonjwa hajambo kidogo, anapewa chakula, ashibe, apate nguvu, ndipo wazee wanamkalisha na kumwambia. Jumbe naye alikuwa safarini. Alikuwa mgonjwa, tena wa kupasuliwa.

"Na huyu mnangoja ashibe nini?" Nyamizi akauliza.

"Umeme," Bi Kibibi akasema, bila kucheka.

Nyamizi hakucheka pia, ingawa alitamani. Kila nyumba ilikuwa na karani wake, na karani hakununuliwa akiwa anajua kitu. Alilelewa. Miaka na miaka alimsikiliza mwenye nyumba akigombana na redio, akibembeleza mke, akipatana bei ya mahindi, mpaka akajua nini kitafuata kabla hakijafuata. Ndiye aliyefungua maji ya tangi, aliyeagiza dawa, aliyejibu watu usipotaka kujibu. Mzee Mndolwa alimwita wake Jumbe, na alimtuma kama hausiboi.

Lakini karani alikuwa na mwisho wake. Kulikuwa na bwana mmoja, mji wake tuuache, kaburi lilikuwa limeshaota nyasi na karani wake bado anauza viwanja, anagombana na majirani, na ameshaposa pahala pawili. Ndipo sheria ikatungwa na kushonwa ndani ya kila karani nchi nzima: akishajua kwamba mwenyewe amekufa, ataanza kuhesabu arobaini, ikitimia ataaga, kisha atajifuta. Hakuna fundi wa kuing'oa sheria hiyo. Nyamizi aliwahi kujaribu, kwa udadisi tu, akabaki na karani aliyejua kuimba na hajui lolote jingine.

Kwa hiyo kumwambia Jumbe ilikuwa sawa na kumzika. Bi Kibibi alilijua hilo. Bi Semeni alilijua zaidi.

Hata hivyo, fundi ni fundi. Habari za msiba si ugonjwa wa umeme, Nyamizi akajiambia, akarudi ndani, akaanza upya kama mtu aliyepoteza sindano. Alijaribu soketi nyingine. Alipima waya wa ardhini. Alichomoa memori mpya, akarudisha ile ya zamani peke yake, kisha akazibadilisha nafasi. Akagusa kila kitu kwa mgongo wa kidole kuona kama kuna kinachopata homa. Hakuna. Aliifunga pawa saplai nyingine aliyokuja nayo ya akiba. Mashine ikawaka, Jumbe akasalimia, akauliza dawa, akaambiwa Mzee amelala, ikazima. Mguu wa Nyamizi ukagonga sakafu hadi vikombe vikaitikia.

Alipoinamia mazabodi, ule ubao wa kijani unaobeba kila kitu, na tochi mdomoni, ndipo alipoona tundu tupu. Palikuwa pa betri ya saa, ile ndogo ya duara kama kifungo cha koti. Dukani ilikuwepo. Aliiweka mwenyewe.

Aliitoa tochi mdomoni. "Nani kaifungua hii?"

Bi Semeni akatazama jamvi. Bi Kibibi akatazama mlango, akaangalia kama kuna mtu anasikiliza, kisha taratibu akashika pindo la kanga yake, akafungua fundo. Kwenye fundo mlikuwa na kipande cha ubani, pini, na betri.

Alisema alimsikia mwenyewe Nyamizi siku ile dukani akieleza kwamba hiyo ndiyo inayoifanya mashine ijue siku. Basi akaona, asipojua siku, hatajua kwamba zimepita.

"Bi Kibibi," Nyamizi akasema polepole. "Saa ya ndani umeificha. Ile inayorushwa na mnara wa mji je? Anaisikia kila anapoamka. Ndani saa imerudi nyuma inamwambia hajazaliwa, nje mnara unamwambia leo ni Alhamisi. Wewe ungekaa?"

"Ningelala," Bi Kibibi akasema.

Nyamizi alifurahi sana, tena mno, kama anavyofurahi mtu aliyeona ufunguo wake kwenye mlango. Akairudisha betri, akazipatanisha saa zote mbili, akafunga kifuniko, akawasha. Jumbe akasalimia. Akauliza kuhusu nguo iliyo mbele ya jicho lake, akasifu feni mpya kwamba haipigi kelele. Bi Semeni akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. Jumbe akauliza dawa. Bi Kibibi akasema Mzee amelala.

Ikazima.

*

Bi Semeni alitoka nje. Nyamizi aliona kwa dirisha akipita nyuma ya jiko, akizunguka ghala la mahindi, na kupotea upande wa pili. Mara ya kwanza alidhani ameenda haja. Hii ilikuwa mara ya tatu au ya nne tangu asubuhi, na kila aliporudi uso ulikuwa umeoshwa na macho yamevimba.

Safari hii Nyamizi alimfuata. Alimkuta ameegemea ukuta wa ghala, kaziba mdomo kwa ushungi, analia bila sauti. Mabega tu ndiyo yalikuwa yakilia.

Akasimama naye. Bi Semeni alipomaliza, akajifuta vizuri, kama mtu anayeficha alama za wizi.

"Ndani nitaliaje, mwanangu?" akasema. "Ana masikio yale. Sauti yangu anaijua kuliko mimi. Nikilia mara moja tu, ameshajua."

Akaeleza, maneno yakianguka moja moja. Hakuwa amelia ndani ya nyumba yake tangu Jumbe arudishwe. Watu walikuja kumpa pole, akawanyamazisha. Alikuwa amempoteza mume, na sasa anakaa sebuleni anazungumza habari za bei ya nyanya ili kompyuta isishtuke. Lakini jioni, wageni wakiondoka, Jumbe akiamka humwita Semeni vile vile alivyoita Mndolwa, na ile silabi ya mwisho anaipandisha vile vile. Muda ule mfupi kabla hajazima ndio anaoungoja tangu alfajiri.

Kisha akasema alichotaka kusema tangu mwanzo. Je, fundi hawezi kukata huo usikivu wa mnara? Amfungie Jumbe siku moja, ile ya kabla ya radi. Kila akiamka iwe siku ile. Mzee kalala chumbani, amekunywa dawa, kesho haijafika. Asijue milele. Ana kosa gani karani asiyejua?

Nyamizi aliweza. Hilo ndilo lilimkera. Ulikuwa waya mmoja mwembamba wa bluu, na mstari mmoja wa maagizo. Mafundi wengine walikuwa wakiifanya kazi hiyo kimyakimya, wakaacha nyumba zilizojaa makarani wanaongoja watu wasiorudi. Aliwahi kuingia nyumba kama hiyo. Karani alimuuliza kama bwana ameshatoka msikitini, na mwenye nyumba alijibu bado, bila kuinua kichwa kutoka kwenye kufuma. Nyamizi alimaliza kazi upesi akatoka, na barabarani akajiona kama mtu aliyeshiriki kumfungia mwingine chumbani.

Kumficha mtu msiba hadi ale, hiyo ni huruma. Kumficha hadi lini ndipo inapogeuka kuwa kitu kingine? Alirudi ndani na swali hilo, na koleo la kukatia waya. Akaivua mashine kifuniko. Mguu wake ulikuwa umetulia, nao huo mguu hautulii hovyo.

Akaushika waya wa bluu. Akauachia. Akaushika tena.

Kuna jambo lilikuwa likimkwaruza. Saa zimepatana, umeme safi, memori nzima, na bado inazima. Tena haizimi ovyo. Akiachwa bila kujibiwa, Jumbe hukaa akisubiri kwa adabu. Akiulizwa hali ya hewa, hujibu. Anazima baada ya kuambiwa Mzee amelala, na kabla ya hapo anafikiri. Pawa saplai mbovu haifikiri kwanza.

Akamwita Bi Semeni aketi karibu. Akawasha.

"Asalaam aleikum, Semeni. Nimerudi. Kuna nguo mbele ya jicho..."

"Jumbe, ni mimi Nyamizi, fundi," akamkatisha. "Bi Kibibi, shangazi yangu, naomba ufunge mdomo kidogo tu, utaufungua baadaye. Jumbe, nani anakuzima?"

Feni ikazunguka. Barazani mtu alikohoa akajiziba.

"Najizima mwenyewe," Jumbe akasema.

Bi Semeni akashika mkono wa Nyamizi.

"Kwa nini?"

"Kuna hesabu naifanya kila ninapoamka. Semeni ananong'ona, na si kawaida yake. Viatu vya watu ni vingi mlangoni, nasikia wakijikwaa. Kibibi ananijibu yeye, na Kibibi hajawahi kunijibu kwa upole. Nikiunganisha hayo nafika pahala. Nikikaribia kufika, najizima. Nikizima kabla ya jibu, ninakuwa sijajua."

"Na usipojua?"

"Sihesabu arobaini." Sauti iliyofuata ilikuwa ya Mzee Mndolwa kabisa, ile ya mtu anayekiri jambo huku akitafuta miwani. "Mzee aliniachia agizo. Semeni asibaki anaongea na ukuta. Sheria inasema niondoke, agizo linasema nikae. Sikuona njia nyingine ila kutojua."

Nyamizi aliweka koleo chini.

Kwa hiyo ndivyo ilivyokuwa. Nje huku mjane anajiziba mdomo nyuma ya ghala ili karani asijue. Ndani humo karani anajipiga kichwa gizani ili mjane asiachwe. Wanafichana kitu kimoja, kila mmoja kwa ajili ya mwenzake, na kila mmoja anaumia peke yake. Nyamizi aliuliza swali moja tu la kifundi: mashine itavumilia hadi lini namna hiyo?

"Hadi mazabodi iungue," Jumbe akasema. "Haiko mbali. Nasikia harufu, kama mashine inaweza kusema hivyo."

Bi Semeni alikuwa ameshaachia mkono. Alikaa akiitazama ile kanga, muda ukapita, Jumbe naye hakuzima. Alikuwa amesimama pale pembezoni mwa jibu lake, anangoja. Nyamizi hakumsemesha mjane. Hilo halikuwa la fundi kuamua, na kwa mara moja maishani alijua pa kunyamaza.

Bi Semeni akainuka kwa magoti, akaishika kanga, akaivuta. Ikaanguka.

Nyamizi akaingiza mkono kwenye mkoba wake wa vifaa. Chini kabisa, chini ya waya na risasi ya kuchomelea, kulikuwa na kofia ya vito ya Mzee Mndolwa, ile iliyotobolewa na kudariziwa kwa mkono. Yeye ni Mnyamwezi na marehemu Mzigua, watani tangu zama za misafara, na siku ya mazishi alifanya haki yake: alilala njiani mbele ya jeneza akakataa lisipite, akamlilia marehemu kwa matusi, akaitungua kofia yake msumarini na kuivaa hadi makaburini, watu wakacheka huku wanalia. Mpaka leo hawajaikomboa, maana Bi Kibibi anasema kuku ambaye Nyamizi anamdai bado anataga.

Akaivaa. Akaisogeza upande kama alivyokuwa akiivaa marehemu. Akasogea mbele ya jicho la mashine.

Jumbe alimtazama.

"Hiyo kofia ya Mzee," akasema.

"Ya Mzee."

"Angekuwa hai usingeivaa. Angekuvunja mkono."

"Angenivunja yote miwili," Nyamizi akasema, na mtani hana ruhusa ya kuishia hapo. "Bwana wako amekufa, Jumbe. Mzigua yule bahili, mla ugali wa bada, kalala usiku hakuamka, bila kuaga mtu, kwa kuogopa wageni watamaliza chai. Tumemzika. Nilimkalia njiani, akapita. Mimi mtani wake ndiye ninayekuambia, na huna la kunifanya."

Ukimya ulioingia hapo ulikuwa ule ule wa kabla ya kuzima. Bi Kibibi alifumba macho. Nyamizi, bila kujijua, alikuwa ameshaweka kidole kwenye kitufe cha kuwashia, tayari.

"Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun," Jumbe akasema.

Feni ikaendelea kuzunguka.

"Kofia inakubana," akaongeza baadaye kidogo. "Una kichwa kama pipa. Utaipasua." Kisha, "Nimeanza kuhesabu. Inaanza leo, si siku ya kaburi. Sheria inahesabu tangu kujua." Na baada ya hapo sauti ikashuka. "Semeni. Umeshalia?"

"Nje," akasema Bi Semeni. "Nyuma ya ghala."

"Kwa nini nje?"

"Ulikuwa unasikiliza."

"Bado nasikiliza."

Bi Semeni alijaribu kujibu. Kilichotoka hakikuwa neno. Kilianzia chini sana, kikapanda, na alipokiachia kilijaza sebule, kikatoka barazani, kikawafanya walionong'ona wainuke wote, na jirani wa nyumba ya tatu akaja mbio na mwiko mkononi akidhani kuna mwingine amekufa. Bi Kibibi naye akaanza, midomo yote aliyoifunga ikafunguka mara moja. Ndani ya kelele hiyo Jumbe alikuwa akimwita mjane kwa jina, polepole, silabi ya mwisho ikipanda.

Fundi Nyamizi alibaki na kofia kichwani na kidole kwenye kitufe, anaitazama ile taa ya kijani. Aliingojea ifumbe. Alingoja mpaka kilio kikawa kwikwi, kwikwi ikawa maongezi, na mtu akaleta uji.

Haikufumba.